Zamu ya Maji

Mwaka ule theluji ilikuwa haba juu ya Lungmar.
Mfereji ukatoa maji membamba kama uzi wa sufu,
na shayiri yangu, ya mwisho bondeni,
ikaanza kujikunja majani.

Nilitoka usiku na koleo. Sikuwasha taa.
Nikang'oa udongo na matambara mlangoni pa maji,
nikayasikia yakiingia shambani, yakinong'ona,
na moyo nao ukinong'ona: mwizi, mwizi.

Yangzes alikuwa ameketi juu ya jiwe, hatua kumi tu.
Yeye ndiye mgawa-maji wetu mwaka ule.
Sijui alikuwapo tangu lini.
Hakupaza sauti. Aliuliza:
"Matuta mangapi yamekufa?"
"Manne," nikasema. "La tano linakata roho."
Akayaacha maji yaende
hadi tuta la tano likalowa,
kisha akapiga magoti topeni,
akaliziba tundu, akalishindilia kwa kisigino.

Nikadhani yamekwisha.
Asubuhi, penye ukuta wa mawe ya sala,
alilitaja jina langu, na kosa, na faini:
vibaba viwili vya siagi kwa taa za monasteri.
Mzee Gyaltsan akataka ninyimwe zamu mbili.
Yangzes alimsikiliza mpaka akachoka mwenyewe,
ndipo akasema:
"Shamba lake likifa, hiyo haki tutaisaga unga?"

Wakati wa mavuno nilipita kwake.
Shayiri yake ilikomea kwenye kifundo cha mguu.
Ndipo nikajua tuta langu la tano
lilikunywa kutoka zamu ya nani.
Nilipotaka kusema, alinipa mundu.
"Inama," akasema. "Fupi hizi zinaumiza mgongo."

Kila jioni tunasali
viumbe vyote viepukane na mateso.
Viumbe vyote: maneno mapana, mepesi mdomoni.
Yeye aliyaingiza mferejini,
akayapima tuta kwa tuta.

Mwaka huu kugawa maji kumeniangukia mimi.
Jana usiku nilisikia koleo gizani.
Hasira ndiyo iliyofika kwanza, sitaficha;
ilikuja na viatu vyake vya chuma.
Nikaketi juu ya jiwe la Yangzes, bado lina joto la mchana,
nikangoja ipite,
nikaanza kuyahesabu matuta ya jirani yangu.