Kovu la Santuri

Upande wa pili wa santuri ile ni wimbo mmoja,
dakika ishirini na mbili, hauna kiitikio,
mapigo saba pale ambapo mguu unangoja nane,
na ndani yake mfalme anashuka ngazi za mgodi wa chumvi,
peke yake, na taa.
"Nikafika chini, nikahesabu" –
hapo sindano inaruka. Kinanda kimekwisha kubadili njia,
na sauti inasema: "wala sikujua nimngoje nani."

Santuri ilikuwa ya Ireneusz. Bytom, mwaka ule,
hakuna mwingine aliyeipata.
Aliweka maikrofoni mbele ya spika, jikoni kwake,
akaturekodia kanda, mimi, Bogna na Wit,
na kanda zetu zote zikarithi kovu lile
kama watoto wanavyorithi pua.
Zikarithi na birika. Zikarithi na tramu ya Mtaa wa Piekarska,
ambayo Wit, kwa miaka minne mizima,
aliamini ni sehemu ya utunzi.
"Inaingia kwenye pigo la tano," alisema. "Haiwezi kuwa bahati."

Mfalme alihesabu nini?
Kila Ijumaa ya kwanza ya mwezi, mkate na matango ya siki,
tuliuliza upya.
Wit: wafu. Wachimbaji ambao taa zao hazikurudi dirishani.
Taa ya baba yake ilikuwa namba 614,
hatukumbishia sana.
Bogna, mwalimu wa hesabu, alikataa kwamba pana neno.
Mruko ndio neno. Serikali ina mkasi,
mtunzi kajikata mwenyewe kabla hawajamfikia.
Aliandika kurasa kumi na moja, akazisoma zote, chai ikapoa.
Mimi nilisema dhambi. Baadaye nikasema miaka.
Baada ya talaka nikasema milango.
Ireneusz alikoroga sukari.
"Endeleeni," alisema, "mko karibu."

Tumemzika Jumanne. Udongo uliganda, kaburi likachimbwa kwa mashine.
Jikoni, Kinga, binti yake, akatoa santuri nyingine, nzima,
aliyoipata Kraków kwa muuza vikuukuu.
"Lile kovu nililitia mimi," alisema.
"Nilikuwa na miaka minne, na uma.
Baba hakunipiga. Alikuwa ameisikiliza miezi sita,
alisema anaijua kwa ghibu."

Sindano ikashuka. Ngazi. Taa.
"Nikafika chini, nikahesabu vijiko,
maana wageni walikuwa wameondoka,
wala sikujua nimngoje nani."

Vijiko.

Wit akasimama. "Miaka thelathini na moja," alisema. "Vijiko?"
Akavaa kofia, akaivua, akakaa.
Bogna akaomba irudiwe. Ikarudiwa.
Akasema chapa hii ni ya baadaye, pengine maneno yamebadilishwa,
na hakuna aliyekuwa na nguvu ya kumkubalia,
hata yeye mwenyewe.

Kumbe alijua. Kila Ijumaa alijua,
akatukatia mkate, akatuacha tubishane juu ya shimo
ambalo yeye alikwisha kukanyaga chini yake.
Nilimkasirikia hadi kituo cha tramu,
na tramu ilipofika sikuipanda,
nikaendelea kumkasirikia kwa miguu.

Usiku nimeweka kanda. Birika. Tramu, pigo la tano.
Kabla tu ya mruko pana sauti fupi ya koo
ambayo Bogna, kwenye ukurasa wa saba,
aliiandika: kikohozi, hakina maana.
Nimeirudisha nyuma mara tisa.
Si kikohozi.
Ni mtu anayejizuia kucheka,
na nyuma yake, kwa mbali,
chuma kinagonga glasi.