Kikombe Juu ya Ramani

Mpimaji kakunjua ramani kwenye meza ya mahamri,
pembe kazigandamiza kwa simu na funguo za gari.
"Hapa ghorofa kumi na nane. Hapa maegesho."

Bi Mishi hakuuliza bei.
Kauliza: kisima cha Mtopanga mumekiweka wapi?

Kikatafutwa. Hakimo.
Na mtaro tuliouchimba wenyewe, mwaka ule wa mafuriko?
Haumo.
Na kivuli cha Kitsao, fundi viatu?

Mpimaji akasema mji lazima ukue.
"Hata jipu hukua, mwanangu,"
akamtilia kahawa,
kikombe kikichuruzika akakitua palepale penye kisima.

Kilipoinuliwa
karatasi ilikuwa imeshakunywa duara,
na Kitsao, kimya,
anaichomoa penseli nyuma ya sikio.