Sahani ya Kumi na Mbili

Usiku wa nne, saa tisa, Majengo yote imelala,
nami nahesabu migongo.
Sahani ishirini na nne za kioo. Kila moja
iliingia mayai ishirini na tano ya chura,
duara, rangi ya ulezi uliochomwa.
Leo yana macho. Yana mikia.

Chupa zilikuja na namba, bila majina.
Hizohizo zimekwenda Arusha, nyingine Morogoro,
tusichunguliane kama watoto kwenye mtihani.
Dakta Kileo alisema siku ya kwanza:
"Hatupimi dawa. Dawa nimezichagua mwenyewe,
hii inapinda, hii haina neno.
Tunapima kama chura ni shahidi wa kuaminika."

Mgongo ulionyooka.
Ulionyooka.
Mkia uliojikunja kama kulabu.
Moyo upande usio wake, unadunda tu,
haujaambiwa.

Nakijwa hana habari ya shahidi.
Januari alileta dumu la maji ya mfereji wa Mabogini,
dumu la mafuta ya kupikia, kalisuuza mara mbili,
akalitua mezani: "Nipimie."
Tumbo la miezi mitano, matope ya jaruba hadi magotini.
Nikamwambia kipimo chenyewe bado kinapimwa.
"Mizani ya Kiboriloni nani anaipima?"
Nikasema wale wa vipimo hupita, hubandika stika.
"Basi waite wapite na hapa."

Mtoto alizaliwa Mei, mzima, vidole kumi.
Dakta akasema: mmoja si hesabu.
Sasa mdogo wake ndiye mjamzito, na mfereji ni uleule.

Sahani ya kumi na mbili.
Hii ni ya maji safi, ndiyo inayotakiwa iwe nzima.
Waliopinda: watatu.
Naanza upya, kutoka kushoto. Watatu.
Kanuni inavumilia wawili.
Jumanne umeme ulikatika, na baridi ya Julai
ikaingia majini ikakaa saa tano,
mimi nikizifunika sahani kwa kanga.

Ningeweza kumnyoosha mmoja kwa kalamu.
Kiluwiluwi hana wakili.
Arusha wangesoma "wawili", Morogoro wangegonga muhuri,
na siku moja Nakijwa angejibiwa upesi,
kwa mkono wangu huu.

Naandika: 12, watatu.
Asubuhi tutamwaga zote.

Dumu lake lipo chini ya sinki.
Limeota ukijani, halifai tena.
Nitamwambia alete jingine.