Simu ya Saa Nne Kasoro

Simu ya shule naijua kwa mlio,
ingawa simu zote kwangu hulia mlio mmoja.
Nilikuwa hotelini, chumba cha kufulia,
mikono ndani ya shuka za wageni, bado za moto,
nje mvua ya Wales ikiendelea na kazi yake
ya kuosha vilima vya vifusi visivyotakata.
Jina la shule likawaka kwenye kioo.
Nikaiacha ilie.

Miaka mitatu simu ile haijaniletea heri.
Gethin amepindua meza.
Gethin yuko juu ya paa la banda la baiskeli, hataki kushuka,
njoo.
Nami huja na aproni yangu,
nikikatiza mji wenye mtaa mmoja
na mapazia mengi yanayotikisika.
Maneno ya kuomba radhi nimeyakariri
kama tebo ya saba.

Ikalia tena. Nikapokea kwa sauti ya mshtakiwa:
"Amefanya nini?"

"Amerudi," akasema Bi Mererid.
"Hesabu za sehemu zilimshinda, akakunja ngumi,
niliiona ile ngumi.
Halafu akaweka kadi yake ya kijani mezani, akatoka,
akakaa dakika nne kwenye kiti cha dirishani,
akarudi. Mwenyewe. Sikumwita.
Nikaona nikwambie."

Nikaketi juu ya rundo la shuka.

Huyu Mererid alikuja Septemba.
Hakuuliza mtoto ana kasoro gani.
Aliuliza saa ngapi.
Akaandika wiki nzima katika kidaftari, kisha akanionyesha:
Jumatatu, kabla ya chakula cha mchana,
baada ya wikendi kwa baba yake kule Rhyl.
Basi, Jumatatu, mkate wa kuchoma kwanza, hesabu baadaye.
Mkate! Mimi nilidhani ni shetani.

Akampa na kazi: kipimamvua cha shule.
Kila asubuhi Gethin huchutama kwenye nyasi,
husoma mstari, huingia ofisini akidondosha maji,
naye mwalimu mkuu huinua kalamu, husubiri.
Hajawahi kusubiriwa, mwanangu,
ila kwa hofu.

Nyumbani, Mererid aliniomba nihesabu.
Nikahesabu: kabla ya chai ya jioni, "usi" arobaini na moja.
Usikimbie, usiguse, usimjibu babu, usinitazame hivyo.
Nyumba nzima imeezekwa kwa usi.
Nikajaribu kuzing'oa, moja moja.
Tembea. Weka hapa. Nimeona umefunga mlango polepole.
Ulimi ulinikakamaa kama kiatu kipya.

Baba yangu, mzee Emrys, alicheka kwa pua.
"Zamani tulikuwa na mkanda. Samaki mkunje angali mbichi."
Nikamwambia Gethin si samaki.
Akanyamaza siku mbili.
Siku ya tatu akatoa patasi yake ya machimboni,
akamwita mjukuu uani,
akamwekea kipande cha jiwe la bluu magotini.
"Usi..." akaanza. Akakohoa.
"Tafuta njia yake kwanza. Jiwe lina njia yake.
Ukilipiga kinyume unabaki na kokoto."
Alisema vile akinitazama mimi.
Mkanda ule niliujua vizuri kuliko Gethin.

Sitasema tumefika.
Jumanne iliyofuata kiti kilipaa, kikavunja kioo,
na simu ikalia kwa ule mlio wa zamani.
Lakini Mererid alimaliza kwa kusema, "Kesho kipimo bado ni chake,"
nami nikaona mtu anaweza kuanguka
na bado akakuta nafasi yake haijakaliwa na mwingine.

Siku ile ya simu njema, hata hivyo,
sikujua heri huvaliwa vipi.
Nilifika nyumbani nikainjika birika, nikaliondoa, nikaliinjika tena.
Mlango ukafunguka. Kofia imelowa, soksi moja imeshuka.
Maneno niliyoyapanga njia nzima yakanipotea.

"Leo ngapi?" nikauliza.

Akavua viatu, akaviweka sambamba,
akanitazama kuona kama naviona.

"Milimita ishirini na tatu," akasema.
"Na bado inanyesha."