Imeoanishwa

Kidubwasha chenyewe hakizidi kipande cha sabuni.
Nilikinunua kwa yeni elfu mbili mia nane
dukani, karibu na stesheni ya Kotoni,
na kijana wa kaunta, Sugawara kwenye beji yake,
akanielekeza: waya nyekundu kwenye tundu jekundu,
nyeupe kwenye jeupe. Kilichobaki, mama, ni hewa.

Stirio ni ya baba. Mbao zimepauka ubavuni,
kitufe cha besi hukwaruza kama koo la mvuta sigara,
na nyuma ya kioo mishale miwili
imelalia kushoto tangu alipostaafu kutengeneza lifti.
Nilishainunulia stika ya taka kubwa,
ile ya kuwaambia watu wa manispaa: chukueni.
Nikaibandua. Gundi inanata hadi leo.

Simu ikatafuta. Ikakiona. Ikaniuliza:
Oanisha?
Mimi, mwenye miaka hamsini na tisa,
ambaye swali hilo halijawahi kunifikia mlangoni.
Bila mshenga, bila mahari, nikabonyeza Ndiyo,
na mishale ikaruka
kama mtu aliyekanyaga maji ya barafu gizani.

Usiku ule nilichelewa kulala. Nyimbo zilitoka simuni,
zikapita juu ya meza, juu ya bakuli la supu,
bila kumwaga hata tone,
zikaingia kwenye mbao kuukuu
na kutokea upande wa pili zimenenepa,
zina kifua, zina vumbi,
kama watu waliokwisha kula kwa baba.

Halafu Alhamisi, saa kumi na moja alfajiri,
naosha mchele, simu yangu imezimwa mkobani,
theluji imeziba nusu ya dirisha,
stirio ikaanza yenyewe.
Akodiani. Mwanamume anaimba polepole
habari za bandari fulani na koti aliloliacha huko.
Mchele ukanimwagikia miguuni.
Kisha sauti ikapanda. Ikapanda tena.
Kijiko kikacheza ndani ya kikombe.
Ndipo nikaelewa: kuna mtu humu jengoni, simu mkononi,
hasikii kitu, anaongeza;
bado hasikii, anaongeza.

Mia mbili na tatu, chini yangu: Bwana Oyamada.
Miaka kumi na minne ya ujirani wetu ni kikaratasi kimoja
alichokipenyeza chini ya mlango:
Mashine ya kufulia, tafadhali, isizidi saa tatu usiku.
Nikavaa koti juu ya nguo za kulalia, nikashuka.

Alifungua, simu kiganjani,
kama mtu aliyeokota kifaranga asijue mama yake yuko wapi.
"Imekufa," akasema, akinionyesha spika yake rafuni.
Kifaa chake cha sikio kilikuwa bado mezani.
Nikamnyooshea kidole. Akakivaa. Akanyamaza.
Akatazama dari.
Masikio yakamwiva hadi kwenye ndewe.
"Ni mimi?"
"Ni wewe. Uko kwangu."

Akaniuliza inakatwaje.
Sugawara alinifundisha: bonyeza sekunde tatu
hadi taa igeuke nyekundu.
"Sijui," nikasema.

Tangu hapo kila Alhamisi nakiacha kidubwasha kikiwa macho,
na simu yangu mkobani. Mara nyingi hakuna kitu.
Mara mishale hushtuka, ikaegemea kulia,
akodiani ileile, kwa sauti ya adabu.
Leo haukuwa muziki. Ilikuwa taarifa ya hali ya hewa:
sentimita kumi na nane kabla ya jioni,
upepo kutoka kaskazini-magharibi.
Nikavaa buti ndefu.