Chombo

Mimi ni mkalimani wa mahakama, Arua.
Nasimama katikati kama kizingiti:
kila mtu ananivuka, hakuna anayenitazama.

Mwaka ule wa ukame halmashauri iliandika mstari mmoja
kwa Kiingereza. Wakaniletea niugeuze
kwa ajili ya bango la darajani, kazi ya dakika tano,
nikiwa nimesimama, chai mkononi:

*Ni marufuku kusafirisha chakula
kwa chombo cha aina yoyote
kuvuka mto Enyau.*

"Chombo" ni neno langu.
Lilikuwa karibu, nikalichukua.

Drijaru, mjane wa Ombia, alivuka kwa miguu, alfajiri,
kikapu kichwani, ndani yake debe la karanga, kasoro kidogo,
karanga za maganda, za bintiye aliyeolewa ng'ambo.
Mvua ilikuwa imeanza kunukia upande wa Kongo.
Askari alikisoma kikapu kabla hajamsoma mtu.

Mwendesha mashtaka, Bwana Tumuhairwe, akainuka:
"Mheshimiwa, bango lilikuwa machoni pake.
Lori ni chombo. Baiskeli ni chombo.
Kijiko ni chombo, na kikapu ni chombo.
Yoyote maana yake ni yoyote."
Akaketi, akajipangusa tai.

Mimi nilipata baridi mgongoni.
Tangu lini kijiko kikavuka mto?
Lakini ni kweli, Kiswahili changu kinamruhusu.

Hakimu Nambozo akavua miwani.
"Kinachovuka daraja ni kikapu
au ni huyu mama?
Maana kama chombo ni mama,
mbona hamkumpa namba ya usajili?"
Watu wakacheka. Drijaru hakucheka.
Nilikuwa bado sijamfasiria.

Kisha ikaja zamu ya "chakula".
Wakili Adriko, kijana, koti la kuazima,
alisema chakula ni kiliwacho,
na mbegu hailiwi, hufukiwa.
Tumuhairwe hakuchelewa:
"Kielelezo cha kwanza, Mheshimiwa,
kimeliwa na panya stoo ya mahakama.
Kama si chakula, panya wale walikuwa wanafanya nini?"

Akaulizwa mwenyewe. Akajibu Kilugbara, polepole,
akinitazama mimi badala ya hakimu:
"Njaa ikibisha hodi, ni chakula.
Mvua ikibisha hodi, ni mbegu.
Siku ile nilisikia mvua."
Nikayapeleka kwa Kiingereza.
Yalifika, lakini yalifika yamechoka, bila viatu.

Hukumu ilikuja baada ya miezi kumi na minne, kurasa sita.
Sheria iadhibuyo, alisoma Nambozo, isomwe kwa wembamba;
palipo na shaka, shaka ni mali ya mshtakiwa.
Kubeba si kusafirisha.
Mwandishi alikuwa akiwaza malori yanayoondoka usiku,
hakuwa akiwaza shingo ya mjane.
Na kinachotawala ni maandiko ya Kiingereza, bango ni bango tu.
Neno langu hakulitaja hata mara moja.
Sijui kama nilisamehewa au nilisahauliwa.

Mtunza vielelezo akamrudishia kikapu:
maganda, vumbi, mavi ya panya.
Drijaru akaketi kwenye benchi la mashahidi,
akachambua, akahesabu kwa sauti.
Karanga thelathini na moja.
Thelathini akazifunga kwenye pindo la kitenge.
Ile moja akanipa, akasema neno moja tu:
"Ya mdomo."

Miaka yote hii ninafasiri watu,
nikashindwa hapo.
Ni ujira wa mdomo wangu,
au ni ya kutia mdomoni?

Jioni nikarudi nyumbani kwa njia ya daraja.
Bango bado lipo, kutu imeanza kwenye "aina yoyote".
Hakuna aliyekumbuka kulitoa.
Karanga ilikuwa mfukoni mwa suruali,
na mfuko, nikawaza, nao ni nini?
Askari akanipigia saluti, akaniuliza habari za kazi.
Nikamwambia salama.
Upande wa Kongo palikuwa panasikika ngurumo.