Mmoja, Labda

Kazi yangu ni meno ya bandia.
Mwaka wa ishirini na tisa huu nachonga magego
ya watu wa Haapsalu, niwajuao kwa vinywa kuliko kwa majina.
Jumamosi naitundika darubini shingoni
nakwenda kutazama viumbe wasio na jino hata moja.

Aprili, barafu ya ghuba imepasuka kama sahani.
Maimu ananingoja kwenye stesheni isiyo na treni tena.
Ana chupa ya chai, ana masikio.
Mimi nina kitabu cha picha.
“Kipepeo wa kwanza akiwa wa manjano,” asema,
“kiangazi kitakuwa cha dhahabu.
Akiwa mweusi, basi, shona koti.”
Asubuhi nzima tukazunguka vichakani
katika tope la kuvua mtu buti.
Akapita mmoja, juu ya theluji iliyosalia mtaroni,
rangi ya kiini cha yai.
Tukanyamaza kama wawili waliookota noti moja.

Mei hainipi usingizi.
Usiku hauji, unachungulia mlangoni na kurudi.
Kekeo anataja jina lake, anataja, anataja.
Na kule ndani ya matete kuna kitu kinavuma
kama mtu anayepuliza mdomo wa chupa tupu.
Miaka sita nakisikia, sijakiona hata unyoya.
Maimu anasema kuamini bila kuona ndiyo dini.
Mimi nasema nitanunua darubini nyingine.

Julai, kwenye njia ya farasi,
vipepeo wa buluu kumi na wanne
wamejipanga juu ya samadi mbichi
wakinyonya kwa adabu, kama wageni wa harusini.
Kitabu changu kimewaweka juu ya maua.
Nikaandika: kumi na wanne.
Penye “mahali” nikaona haya kwa niaba yao.
Nikaandika: njiani.

Septemba korongo wanahama.
Nilihesabu vizuri hadi mia tatu na kumi,
nikapiga chafya.
Waliobaki hawakungoja.

Oktoba. Daftari linasema, kwa mwandiko wangu, kwa wino:
*Kipepeo, wa manjano, mmoja, uzio wa makaburi.
Anaruka kwa kuyumba. Amechelewa sana! Ajabu!*
Kesho yake Maimu akaenda mwenyewe,
akarudi na ajabu yangu ndani ya leso:
jani la mti wa gome jeupe,
lililokuwa likining’inia kwa uzi wa buibui.
Hakucheka. Afadhali angecheka.
Sikufuta. Mbele ya “mmoja” niliongeza mkato
na neno “labda”,
na tangu siku hiyo neno hilo linanitazama
kutoka kurasa za nyuma pia:
yule kipanga wa ukungu wa Machi, labda,
yule bundi, ambaye sasa nadhani alikuwa kisiki.

Januari, baridi ya kuvunja msumari.
Niko bandani natoa kuni.
Nyuma ya gogo la tatu, kitu cheusi,
kimekunjwa, kikavu, kama karatasi iliyonusurika motoni.
Safari hii nimeshaelimika. Nikasema kwa sauti: jani.
Nikalipuliza.
Likafunguka.
Macho manne yakanikodolea,
mekundu yake, buluu yake,
Julai nzima imekunjwa ikalazwa gizani,
na mchakacho mdogo, wa hasira,
wa mtu aliyeamshwa na mjinga.
Kisha akafunga.

Nikarudisha gogo la tatu, na la pili, na la kwanza,
polepole, kama mtu anayemfunika mtoto.
Jiko likazimika saa nne. Nikampigia simu Maimu.
“Wa kwanza wa mwaka,” nikamwambia.
“Rangi gani?”
Nikafikiri muda mrefu, pumzi ikinitoka kwa mvuke sebuleni kwangu mwenyewe.
“Nje mweusi,” nikasema. “Ndani siyo.”
Akanyamaza, nikasikia kijiko chake kikikoroga.
“Basi shona koti,” akasema,
“ila bitana iwe ya maua.”